Kirusi cha Kwenye Maziwa

Mtori hauna adabu. Ukiacha kuukoroga kidogo tu unashika chini, na ukishashika chini nyumba nzima inajua nani kapika. Mwaka ule, nyumbani kwetu Kinyerezi, aliyekuwa anajulikana ni mie, mwanamume mzima mwenye ndevu, nimefunga kanga ya mtu kiunoni, napuliza jiko la mkaa.

Naishi kwa kaka yangu mkubwa. Kaka ni dereva wa malori ya kwenda Tunduma na kuvuka mpaka, kwa hiyo hapa nyumbani yuko kama mgeni rasmi: anakuja, anapokewa, anakula nyama, anaondoka. Mie ni kinyume chake. Mie ni fundi cherehani na cherehani yangu iko kibarazani, kwa hiyo kutoka kitandani hadi kazini sihitaji hata kuvaa viatu. Majirani wanasema siku nikifika Ubungo nitahitaji pasi ya kusafiria. Siwabishii. Dunia ni kubwa, inachosha, na mara nyingi inataka hela.

Shemeji yangu, mke wa kaka, ananiitaga mke mwenza. "Mke mwenzangu, chumvi umeisahau au umeisusia?" Na mie namjibu kwamba bwana wetu akirudi safari nitamshtaki. Shemeji na shemeji kwetu hawakasirikiani, mtu anatania mpaka anachoka mwenyewe.

Mwaka huo shemeji alikuwa ametolewa titi la kushoto. Uvimbe aliukuta mwenyewe akiwa anaoga. Vikafuata vipimo, vikafuata vipimo vya vipimo, kisha upasuaji, kisha zile dripu za dawa kali ambazo ukitoka huko unalala siku kadhaa na hata harufu ya kitunguu inakufukuza. Nywele zikanyonyoka. Mie, kwa kuwa sina cha kumsaidia mtu isipokuwa uzi na sindano, nikamshonea kifuko cha pamba cha kuvaa ndani ya sidiria ili gauni likae sawa. Akakivaa, akajitazama kwenye kioo cha kabati, huku na huku.

"Shemeji," akasema, "hili umelishona la msichana. Sasa hili la kulia tulipeleke wapi?"

Nikaenda kupunguza pamba.

Ndipo binti yake, mtoto wao wa kwanza, akajifungua. Kwetu sie, binti akipata uzazi wa kwanza anarudi kwa mama yake kulelewa: akandwe na maji ya moto, afungwe tumbo, anyweshwe mtori wa ndizi na nyama, na supu, mpaka maziwa yashuke vizuri. Mumewe akamleta, na mabegi, na beseni jipya. Ila mama wa kumlea ndiye huyo mgonjwa. Kaka akanipigia simu akiwa njiani, lori linanguruma: "Mdogo wangu, hapo nyumbani sasa hivi mwanamke mzima ni wewe." Jirani mmoja mama wa makamo akakubali kuja kumkanda. Mtori ukabaki kwangu.

Mtoto alikuwa wa kiume, na mjukuu wa kiume kwa bibi yake ni mume. Hivyo ndivyo tunavyotaniana. "Mume wangu kaamka?" "Mume wangu kaninyea tena, mume gani huyu asiyejali nguo za mkewe?" Siku za baada ya dripu, shemeji alikuwa hana nguvu hata ya kunyanyua kikombe cha uji, lakini mtoto akilia ile mikono ilikuwa inanyooka yenyewe. Niliwahi kusimama mlangoni na mwiko wangu nikawatazama, bibi hana nywele na mjukuu hana nywele, wote wamelala, mdomo wazi. Nikaona kumbe dawa ya hospitali ina mwenzake.

Halafu mambo yakageuka, na mie wala sikuelewa kilichotokea.

Asubuhi moja nikamkuta shemeji mezani anapaka rangi nyekundu ya kucha kwenye mkono wa kikombe.

"Hiki changu," akaniambia. "Na ile sahani yenye ua ni yangu. Mtu asiguse. Nitaosha mwenyewe."

"Mke mwenzangu, umeanza kujitenga? Kesho utataka na jiko lako."

Hakucheka. Tangu siku hiyo akawa anakula chumbani kwake. Mtoto akipelekwa kwake anasema, "Mlaze hapo kitandani nimwangalie." Mtoto analia, anarusha miguu, na yeye ameikalia mikono yake kama mtu aliyeambiwa akigusa atapigwa. Nikajisemea dawa zimemchosha.

Wiki hiyohiyo binti naye akanituma dukani kopo la maziwa ya unga.

"Yangu yamekuwa mepesi, baba mdogo," akasema. "Hashibi."

Mie ni mwanaume lakini macho ninayo. Kanga ya kifuani ilikuwa imelowa chapachapa. Maziwa yanayolowesha kanga namna ile hayawezi kumwacha mtoto na njaa. Lakini nikanunua, maana mambo ya uzazi hayana ubishi na mtu wa cherehani. Mtoto akanyweshwa kwa chupa. Tumbo likaanza kumsumbua, akawa anajinyonganyonga na kupiga kelele jioni nzima, na yule mama wa kukanda akawa anatikisa kichwa.

"Mwanangu, ziwa lisiponyonywa linajifunga," akamwambia binti. "Likishajifunga hulifungui kwa mtori wala kwa supu. Angalia usije ukalia."

Kesho yake nikaenda nyuma ya jiko kuchukua mkaa. Binti alikuwa amechuchumaa kwenye shina la mpapai, amenipa mgongo, anajikamua maziwa udongoni. Kumwaga chooni hawezi, bibi zetu walishatuzoesha kwamba maziwa ya mama hayatupwi uchafuni. Yalikuwa yanatoka kwa nguvu, meupe kabisa, na udongo unayanywa palepale.

Nikafanya nilichozoea kufanya nikiona jambo linalonizidi, nikatania.

"Huo mpapai usishangae ukianza kutambaa."

Akageuka. Uso wote umelowa.

"Baba mdogo, kwani wewe hukuisikia ile sauti?"

Ilikuwa ni sauti iliyorushwa kwenye kundi la simu la akina mama wa jumuiya yetu ya kanisani. Akaniwekea nikasikiliza. Mwanamke mmoja, sijui ni nani na wala wenyewe hawamjui, anaongea kwa uhakika wa kipaza sauti cha mnadani. Saratani ya titi, anasema, ni kirusi. Wataalamu wameshakikuta kwenye panya. Kinakaa kwenye maziwa, mama anampa mtoto, mtoto anakua nacho, akizaa anampa wake. Wanatuficha, akamaliza. Mpelekee mwenzako.

"Mama alininyonyesha mpaka naenda mwenyewe kumfungua vifungo," binti akasema. "Kama anacho, ninacho. Na kama ninacho..." Akatazama upande wa chumba, ambako mtoto alikuwa analia.

"Umemuuliza mama yako?"

"Nimuulizeje? Nimwambie, mama, yale maziwa uliyonipa yalikuwa sumu? Mtu kakatwa titi, baba mdogo. Nimwambie hivyo?"

Halafu nikakumbuka kwamba shemeji naye yumo kwenye kundi lilelile la simu. Ndipo kikombe chenye rangi ya kucha nilipokielewa. Wanawake wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja kaisikia sauti ileile na kila mmoja anamficha mwenzie. Mama anaogopa kumwambukiza mjukuu. Binti anaogopa kumlaumu mama. Na katikati yao mie, na mkaa mkononi.

Niliwahi kusoma mpaka kidato cha nne. Baiolojia nilipata D, na hiyo D yenyewe nadhani msahihishaji alikuwa ametoka kula akashiba. Nikanunua bando la intaneti nikakaa kibarazani, cherehani imefunikwa, nikaanza kusoma. Nilitaka nikute ni uongo mtupu, nimalize, nirudi kwenye sufuria yangu.

Haikuwa uongo mtupu. Ya panya ni kweli. Kipo kirusi ambacho panya mama anampa mwanawe kwa maziwa, na mwanawe akikua anapata saratani ya titi. Nikasoma mara mbili. Nikawaza kile kinyama kidogo, kimefumba macho, kinanyonya kwa raha zote, na ndani ya ile raha kuna kitu kinapita kimyakimya kwenda kusubiri.

Na kirusi chenyewe ni kitu gani? Hakili, hakipumui, hakikui. Nilivyoelewa mie, kwa akili ya fundi, ni kama ile karatasi ya kukatia nguo. Karatasi peke yake haishoni. Haina kitambaa, haina uzi, haina mashine. Lakini ikiingia kwenye kibanda cha fundi mwingine na ikatandikwa mezani, mashine ya watu inaanza kushona nguo isiyotakiwa. Nayo saratani ni pale pedeli inapokwama chini, mashine inashona tu, inashona, na hakuna anayejua nani kakanyaga. Nilikaa pale nikasahau hata kuwasha taa. Miaka yote hii najiona mtu wa ndani, mtu asiyepita nyumbani kwa watu, kumbe mwili wangu wenyewe ni soko, vitu vinaingia na kutoka bila kubisha hodi.

Kuhusu binadamu sasa, kila nilipofungua waliandika "huenda" na "bado". Kwa kiwango changu cha D, nikaona hapa tunahitaji mtu.

"Siku ya dripu ya mama yako twende wote," nikamwambia binti. "Ukamuulize daktari."

"Akiwa hayupo mama."

"Akiwa hayupo mama. Nitamtoa nje kwa utani wowote."

Mpango mzuri ulikuwa huo. Bajaji ikatupakia mapema, shemeji na barakoa yake, binti na mtoto na chupa, mie na mkoba wa shemeji begani, wa kike, wenye vishanga. Shemeji akanikagua. "Mke mwenzangu leo umependeza," akasema, na lilikuwa neno lake la kwanza la utani baada ya siku nyingi, nikajisikia vizuri kuchekwa.

Tulipoitwa kwa daktari, muuguzi akasema ndugu wote waingie, na mpango wangu ukafia mlangoni. Daktari alikuwa mwanamke kijana, amevaa hijabu ya rangi ya maziwa ya chai. Akamwamkia shemeji shikamoo, akatazama mzani.

"Mama, uzito umeshuka. Unakula kweli?"

"Nakula. Nakula mwenyewe chumbani."

"Mbona mwenyewe?"

Shemeji akamtazama mtoto. "Si ni kirusi, mwanangu? Nina mjukuu mchanga ndani ya nyumba. Nisije nikamwachia ugonjwa wangu."

Binti akashtuka kama aliyemwagiwa maji. "Mama! Kumbe na wewe uliisikia?"

"Niliisikia. Nikaomba usiisikie."

Kisha binti akamgeukia daktari, na maneno yakamtoka yote kwa pamoja, ya ile sauti ya simu, ya panya, ya maziwa, ya mpapai, ya chupa, kwamba ameacha kumnyonyesha mtoto na maziwa yameshaanza kupungua, je, alifanya vizuri au amemtesa bure? Wakati wote huo hakumtazama mama yake.

Nilitegemea daktari acheke, au akasirike kama wanavyokasirikaga. Hakufanya hivyo. Akaweka kalamu chini.

"Huyo mwenye sauti hakuitoa hewani," akasema. "Ya panya ni kweli. Na saratani zinazoletwa na virusi zipo. Ile ya mlango wa kizazi, si mnaona wasichana wanachanjwa shuleni? Na ya ini, nyingine. Kwa hiyo watu wakauliza, je, ya titi? Ni swali zuri. Wanalitafuta mpaka leo."

"Wamepata?" nikauliza, maana sikuweza kujizuia.

"Wapo waliokuta alama za virusi kwenye uvimbe. Wapo waliotafuta vilevile wasikute kitu. Na hata ukikuta alama, hujui kama ndicho kilichovunja nyumba au ni mpita njia aliyekuta mlango wazi. Baadhi ya hivyo wanavyovishuku, baba, hata wewe unavyo. Mie ninavyo. Tulivipata utotoni, kwa mate tu, kwa kubusiwa na shangazi. Watu wengi wanazeeka navyo na havijawafanya chochote."

"Kwa hiyo jibu ni nini?"

"Jibu ni kwamba kwa binadamu haijathibitishwa. Hatujui bado."

Nimeshakutana na watu wengi wanaojua kila kitu, wengine nimeshawashonea suruali. Lakini mtu aliyesoma miaka yote ile, na koti jeupe, anakaa mbele yako anasema hatujui, na anasema kwa sauti ileile anayosemea anavyovijua, hilo lilinifanya nikae vizuri kwenye kiti. Nikatuangalia tuliomo chumbani, hadi mtoto. Sote na wapangaji wetu tusiowajua, wengine wametulia tangu tukiwa wachanga, na bado moyo unapiga, macho yanaona, mtoto anakua.

"Tunachokijua ni hiki," daktari akaendelea, na sasa alikuwa anamtazama binti. "Saratani ya mama yako haiambukizi. Si kwa kikombe, si kwa kumbeba mtoto, si kwa kulala naye. Na hakuna chochote tunachokijua kinachosema wewe uache kunyonyesha. Nyonyesha. Kunyonyesha hata wewe mwenyewe kunakupunguzia hatari kidogo. Ila kwa kuwa mama yako ameugua, ujipapase kila mwezi, ukikuta kitu uje, na ukimaliza uzazi tutakupangia vipimo. Hayo ndiyo ya kuogopa kwa faida."

Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa. Nikadhani analia. Alipokinyanyua nikaona halii.

"Kwa hiyo," akamwambia binti yake, "siku zote hizi ulikuwa unayasengenya maziwa yangu."

"Mama, nisamehe."

"Wewe ulivyokuwa unaning'ata! Meno manne tu lakini kama panga. Hata kama hicho kirusi kingekuwepo, kingekimbia."

Daktari akacheka mpaka akashika meza. Binti akacheka na kulia kwa pamoja. Na shemeji, akiwa bado amekunja uso wake wa ukali wa uongo, akaweka kiganja upande wa kushoto, pale nilipopunguza pamba, akakiacha hapo. Nikaona ajabu jinsi tunavyosema ndugu ni waliolinyonya titi moja. Titi lenyewe limeshakwenda maabara, limekatwa vipande vyembamba na kutazamwa na watu wasiomjua mwenyewe, na aliyelishwa nalo yuko hapa, ana sauti, ana mtoto.

Tukatoka, tukakaa kwenye benchi la kusubiria dripu. Ni benchi refu, na wanaokaa pale karibu wote ni wanawake wenye vilemba, na karibu kila mmoja ana upande mmoja wa gauni uliolala. Binti akafungua vifungo palepale.

Mtoto akakataa.

Alishazoea chuchu ya chupa, inayomwaga bila kazi. Akaweka mdomo, akauondoa, akakunja ngumi, akapiga kelele hadi muuguzi akachungulia. Binti akajaribu tena. Mtoto akageuza kichwa. "Yamekauka," binti akasema, "yameshakauka, mama," na sura yake ikawa ileile ya kwenye mpapai. Mie nikaanza kutazama ukuta. Wanawake wakaanza kumshauri kutoka kila upande wa benchi. Mlaze ubavu. Mfunike kichwa. Mwache alie kwanza. Mama mmoja mzee wa Kimakonde, mwenye chale usoni, akasema, "Huyo anaringa, kama wanaume wote," wakacheka, lakini kwa wasiwasi.

"Nipe," shemeji akasema.

Akamchukua. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya kikombe. Akamnusa utosini kwanza, muda mrefu. Kisha akamlaza kwenye mapaja ya binti, yeye amemshika kichwa kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaliminya ziwa la mwanawe polepole, kwa vidole viwili, kama mtu anayepima ulaini wa kitambaa. Kikatokea kitone. Akakipitisha kwenye midomo ya mtoto. Mtoto akanyamaza ili aonje. Kitone kingine. Akafungua kinywa, kikubwa kuliko uso wake, na shemeji akamsukuma ndani palepale kabla hajabadili mawazo.

Akavuta. Akaacha, akakasirika kwamba hakuna kitu. Akavuta tena.

Wanawake wale, wengine wamebaki na moja, wengine hawana hata moja, wote wameinama mbele, wanamtazama mtoto asiyewahusu. Binti alifumba macho. Kisha mabega yake yakashuka, na upande wa pili wa kanga, ule ambao haukuguswa na mtu, ukaanza kulowa wenyewe.

"Yameshuka," mtu akanong'ona.

Tukamsikia anameza. Sauti ndogo, ya kukaba kidogo, kisha pumzi puani, kisha inarudi. Muuguzi akaja mlangoni na karatasi, amefungua kinywa kumwita shemeji kwenye dripu. Akatazama benchi. Akafunga kinywa, akaegemea fremu ya mlango, akasubiri mtoto amalize.